"Hawajawa tayari": Plato, Kant na Mill ndani ya chumba cha habari

Nianze na kisa changu, maana bila hicho nisingewasoma upya hawa wazee watatu.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika habari ya kisima kilichokuwa na maji machafu, mtaa uleule wa ofisi yetu. Majibu ya vipimo nilikuwa nayo mkononi. Mhariri wangu akaisoma mara mbili, akaiweka kando. "Habari nzuri," akasema, "ila watu hawajawa tayari. Utawatia hofu bure. Tuliza boli." Nikatuliza. Kwa wiki mbili nilikunywa maji ya chupa, huku mama ntilie wetu akichota kisimani na kuweka jagi mezani kwa wateja kama kawaida.

Chuoni tulifundishwa kuwalinganisha wanafalsafa kwa jedwali: maadili safu hii, uhuru safu ile, ujuzi safu ya mwisho. Unakariri, unafaulu, unasahau. Siku hizi naona jedwali lile lilitupoteza, kwa sababu safu zote tatu zinaning'inia kwenye swali moja: nani anajua? Ukishaona mwanafalsafa anampa nani ujuzi, utaona pia anampa nani uhuru, na anamruhusu nani kusema uongo.

Tumchukue Plato. Tusimhukumu kabla ya kukumbuka alikotoka. Mwaka 399 KK mahakama ya Athens, yenye mamia ya raia wa kawaida, ilipiga kura na kumhukumu kifo mwalimu wake, Socrates. Mtu aliyeyaona hayo ujanani, ukimwambia penye wengi hapaharibiki neno, atakucheka. Ndiyo maana katika kitabu chake cha Jamhuri ujuzi ni wa wachache waliofunzwa miaka mingi. Sisi wengine tuna maoni tu. Na wachache hao wanaruhusiwa uongo wa manufaa. Raia waambiwe kwamba wote ni ndugu waliozaliwa na ardhi moja, ila mungu amewachanganyia watawala dhahabu, askari fedha, na wakulima na mafundi chuma na shaba. Plato anautunga uongo huo kwa nia njema kabisa, kama mzazi anayemficha mtoto habari ya msiba. Lakini hebu jiulize: katika mji huo, Socrates aliyezurura sokoni akimhoji kila mtu angekaa wapi? Naogopa mwanafunzi alimjengea mwalimu wake mji usio na nafasi yake.

Kant anaupindua mpango wote. Katika insha yake ya 1784 kuhusu maana ya kuelimika, anasema tunabaki watoto kwa kujitakia, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa ujasiri wa kuitumia bila kushikwa mkono. Walezi wetu nao wanafurahi tuendelee kuogopa. Kwake kila mtu ana akili ya kutambua wajibu, kwa hiyo hakuna mwenye kibali cha kudanganya. Mwaka 1797 alilisukuma hilo hadi ukutani: hata muuaji akibisha hodi na kukuuliza kama rafiki yako kajificha ndani, na huna njia ya kukwepa kujibu, usiseme uongo. Wasomaji wengi humwacha hapo, na mimi pia simfuati. Anachokilinda nakielewa, kwamba uongo mmoja unatoboa imani inayofanya neno la mtu yeyote liwe na thamani. Ila rafiki aliye uvunguni ana haki ya kuuliza kwa nini usafi wa ulimi wangu ulipiwe kwa damu yake.

Halafu kuna kona moja ambayo wanahabari tuisome polepole. Insha hiyohiyo ya 1784 inasema ukiwa kazini, kama askari au mchungaji, timiza unachoagizwa. Uhuru kamili unaupata ukiandika kama msomi mbele ya umma. Sasa mwandishi wa habari, ambaye kazi yake ndiyo kuandika mbele ya umma, yuko upande gani? Mhariri akisema subiri, ni amri ya kazini au ni kufungwa mdomo? Kant hanijibu vizuri.

Mill anaanza kwa unyenyekevu ambao wenzake wawili hawana. Katika On Liberty, 1859, hoja yake ni kwamba hakuna asiyekosea. Maoni unayoyanyamazisha huenda ni kweli. Huenda yana kipande cha ukweli. Na hata yakiwa uongo mtupu, ukweli usiopingwa unageuka wimbo wa kukariri. Mpaka anauweka kwenye madhara. Gazetini andika kwamba wauza nafaka wanawaua maskini kwa njaa. Usiyaseme hayo kwa kundi lenye hasira lililosimama mlangoni kwa muuza nafaka.

Nilipokuwa karibu kumpigia makofi, nikafika pale anapotaja wasiohusika na uhuru huo: watoto, na jamii alizoziona hazijakomaa. Hao, anasema, waweza kutawaliwa kwa mabavu mradi lengo ni kuwaendeleza. Kumbe huyu bwana alifanya kazi katika Kampuni ya East India tangu 1823 hadi 1858. Mwaka 1919 lugha ya namna hiyohiyo iliingia kwenye mkataba wa Ushirika wa Mataifa, kwamba kuna watu wasioweza bado kusimama wenyewe, na Tanganyika ikakabidhiwa Waingereza. Hawajawa tayari! Mwanafalsafa aliyesema hakuna asiyekosea hakujishuku alipoamua nani hajakomaa.

Kwa hiyo namchukua Mill na hoja yake, namrudishia ubaguzi wake. Kwa Kant nachukua lile neno la ujasiri, maana mimi sikukosa ujuzi wala akili. Nilikuwa na karatasi ya vipimo mkononi nikakaa kimya, nikawa mlinzi mdogo wa mji wa Plato, mwenye chupa yake ya maji.

Habari ilipotoka hatimaye, mama ntilie hakuzimia wala hakuzua taharuki. Siku ileile alianza kununua maji ya mkokoteni. Kisha akaniuliza, bila hasira, "Mwanangu, wewe ulijua lini?"