Makala: kamera inatembea na mutu, sisi tunapita

Juma iliyopita tuliangalia tena filamu Makala, batu sita mbele ya kompyuta moja hapa Likasi. Kisha dakika kumi, ndugu mmoja akauliza: "Lakini hadithi inaanza saa gani?" Swali hilo njo limenifanya niandike.

Kwa wenye hawajaiona: ni filamu ya Mfaransa Emmanuel Gras. Mwaka 2017 ilipata tuzo kubwa ya Semaine de la Critique kule Cannes. Kabwita Kasongo, kijana wa kijiji Walemba, anaangusha mti mkubwa kwa shoka, anauchoma chini ya udongo, anapakia magunia ya makala juu ya kinga, kisha anaisukuma kilometa 50 hivi mpaka Kolwezi. Anatafuta feza ya mabati ya nyumba yake. Ni paka hiyo. Na batu wanasema Kiswahili chetu.

Wakati wa filamu ya mkebe, kazi hii ingekuwa ngumu sana. Mkebe wa milimita 16 wenye mita 122 ulikuwa unaisha kisha dakika 11 hivi, na usiku bila mataa makubwa hakuna picha. Kamera za leo ni nyepesi, zinarekodi muda mrefu, na gizani taa za kamyo zinazopita zinazitosha. Gras ametumia uwezo huo kwa uvumilivu. Anabaki karibu na gurudumu, karibu na mgongo wa Kabwita, tunasikia pumzi yake. Kilima kimoja tu kinakuwa jambo la kuogopa: atafika ao hatafika? Basi nikamjibu ndugu yangu: hadithi ilishaanza, ni sisi tumezoea ikimbie.

Lakini siisifu yote. Muziki wa violoncelle unatusukuma kuhuzunika pahali jasho lenyewe lilitosha. Tena, kamera inateleza vizuri mpaka tunasahau kama kuna batu nyuma yake. Kwenye kizuizi Kabwita analazimishwa kuacha sehemu ya makala yake. Wenye kamera walikuwa pale, waliona. Walifanya nini? Filamu inanyamaza. Zamani kamera nzito ilijionyesha yenyewe. Hii ya leo inajificha, na mutu anayejificha anapaswa kuulizwa zaidi.

La mwisho, nasema kama mutu wa agronomia. Tanuru ya udongo, kwa kilo 100 za kuni kavu, inatoa mara mingi kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Na mti mkubwa wa miombo unaomba miaka mingi kurudi. Filamu inatuonyesha vizuri mti ukianguka, halafu barabara inameza kila kitu, pori halirudi tena kwenye hadithi. Kamera imejifunza kungojea mutu, kisiki bado.

Sasa sisi. Asubuhi, kwenye barabara ya Kambove, kinga za makala zinaingia mjini. Kinga ikianguka, telefone tano zinatoka, tunapiga sekunde 30, tunacheka, tunatuma. Jioni mutu huyo amekuwa kichekesho cha mji mzima, na hakuna anayejua jina lake, deni lake, wala watoto wanaomngojea. Telefone hizo zinaweza kupiga filamu nzima. Kamera tunayo, Kiswahili tunacho, barabara ni yetu. Kitu tulichomwachia mgeni ni kutembea kilometa zote 50.

Wenye telefone nzuri humu ndani, nawaomba jambo moja: chagueni mutu mmoja, ombeni ruhusa yake, tembeeni naye kutoka asubuhi mpaka gunia la mwisho limeuzwa. Tutaangalia pamoja. Na kama mutu atauliza hadithi inaanza saa gani, tutamwambia aketi.