Micere Githae Mugo na Kipimo cha Utu katika Elimu ya Juu

Uhakiki wa wanawake weusi kuhusu ubaguzi katika elimu ya juu hudhaniwa na wengi kuwa ni zao la Marekani lililoletwa Afrika likiwa limekwisha kukomaa. Dhana hiyo haina msingi. Hata mwalimu aliyeko Kakamega hana haja ya kwenda mbali kuutafuta.

Grace Ogot alisoma Butere, lakini njia za elimu kwa msichana Mwafrika wakati ule zilikuwa chache mno. Makerere yenyewe haikupokea wanawake hadi mwaka 1945. Ogot alisomea uuguzi Uganda na Uingereza, kisha mwaka 1966 akatoa riwaya yake ya *The Promised Land*. Micere Githae Mugo, aliyezaliwa mwaka 1942, aliukuta mlango umefunguka kidogo: alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuingia Limuru Girls' School, shule iliyokuwa ya Wazungu peke yao. Mwaka 1980 alichaguliwa mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1982 akalazimika kwenda uhamishoni. Kuingia chuoni, basi, hakukuwa sawa na kukubaliwa.

Katika *Visions of Africa* (1978), Mugo anawachunguza Achebe na Ngũgĩ pamoja na Elspeth Huxley na Margaret Laurence. Uteuzi huo una maana. Huxley ni mwanamke, lakini uanauke wake haukumtoa katika baraza la mlowezi. Yafaa ieleweke, kwa hiyo, kwamba jinsia peke yake haitoshi kuwa kipimo. Rangi na tabaka hazina budi kupimwa pamoja nayo.

Kipimo anachokipendekeza Mugo katika kijitabu chake cha mwaka 2021 ni *utu*. Mwanaisimu ataona mara moja uzito wa neno hili. Mzizi *-tu* hauna jinsia wala rangi. *Mtu* ni mwanamke sawasawa na mwanamume. Hata hivyo sarufi haimwokoi mtu. Wazungumzaji wa lugha hii hii husema *mtu* huku wakimfikiria mwanamume, nao wamewanyima mabinti zao karo bila ya kukosea upatanisho wa ngeli.

Hapa ndipo penye upungufu. Hoja ya Mugo imejengwa kwa Kiingereza, na *utu* umekaa humo kama mgeni. Mwanafunzi wa kike anayesomea Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichopata hati yake mwaka 2013, hulazimika kulifuata neno la lugha yake katika lugha ya pili ili aambiwe maana yake. Huko nako ni kutengwa, ingawa hakuna bango mlangoni.

Lawama hii haimwangukii Mugo, aliyefariki mwaka 2023, peke yake. Inaziangukia zaidi idara za Kiswahili. Kazi iliyobaki ni yao: kuitafsiri hoja hiyo, kuifundisha, na kuipinga inapobidi, kwa Kiswahili.