Ngorongoro Katika Senema, na Karatu Isiyoonekana

Msafiri atokaye Arusha kwenda Ngorongoro kwa njia kuu hana budi kupita Karatu. Hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu, huona mashamba ya Wairaqw pande zote mbili za barabara, huingia mjini penye maduka, gereji na nyumba za wageni, na baada ya mwendo wa kama nusu saa kwa gari hufika lango la Lodoare. Lakini mtu aijuaye nchi hiyo kwa picha za senema peke yake atadhani kwamba toka Arusha hadi ukingo wa Kreta ni pori tupu. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba pengo hilo si la kusahau tu, na kwamba ukitaka kulielewa yafaa utazame jinsi lugha inavyotumika katika picha hizo. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni ile ya Kijerumani, Serengeti darf nicht sterben, ya mwaka 1959, iliyotengenezwa na Bernhard Grzimek na mwanawe Michael. Michael alikufa katika ajali ya ndege tarehe 10 Januari 1959, kazi ikiwa bado inaendelea, akazikwa juu ya ukingo wa Kreta. Babaye alipofariki mwaka 1987 akawekwa papo hapo. Picha hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na haikuipata bure. Kazi ya kuwahesabu wanyama kutoka angani na kufuata njia za nyumbu ilikuwa kazi ya watu wenye bidii na mapenzi ya kweli.

Hata hivyo jina lake lataka kuchunguzwa. Kitenzi cha Kijerumani kilichomo ni kitenzi cha ruhusa: Serengeti hairuhusiwi kufa. Kwa Kiswahili twaweza kusema “Serengeti Isife”. Tamko la namna hii lina mwenye kuamuru na mwenye kuamriwa, nasi tuna haki ya kuuliza ni nani hao. Katika kitabu chake chenye jina lilo hilo, Grzimek hafichi rai yake kwamba hifadhi ya taifa isikaliwe na watu, hata wenyeji. Mwenye kuamriwa, basi, ni mfugaji. Tusimsingizie mtu: si senema iliyowatoa Wamasai Serengeti, kwani mapatano yalikwisha fanywa mwaka 1958. Lakini mwaka 1959, sheria ilipoiweka Ngorongoro kando iwe nchi ya watu, mifugo na wanyama wa porini pamoja, watazamaji wa Ulaya walikuwa wakifundishwa kwamba mambo hayo hayapatani.

Picha ya pili ni Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, John Wayne akiwa mchezaji mkuu. Hii ilipigwa Tanganyika ya kaskazini, na makao yake katika hadithi ni Momella, upande wa mlima Meru. Naitaja kwa sababu ndiyo iliyowazoeza watu wengi duniani kuiona kanda hii yote kuwa uwanja wa mawindo. Neno lililofanywa jina lake ni letu, lenye asili ya Kiarabu. Lakini matumizi yake si yetu. Sisi husema “kuna hatari” au “ni hatari”, na likisimama peke yake mara nyingi huwa limeandikwa juu ya nguzo ya umeme. Mtu amwonapo kifaru akimjia hapigi kelele “Hatari!”, hutaja mnyama, au humwambia mwenziwe akimbie. Jina hilo limechaguliwa kwa ajili ya masikio yasiyokijua Kiswahili.

Tena, mwanamke mlezi wa ndama wa tembo huitwa humo “Mama Tembo”. Kwa watu wa bara hakuna tatizo. Mtu wa Pwani atatabasamu, kwani kwake tembo ni kileo cha mnazi pia, na washairi wa zamani walipenda kumwita mnyama huyo ndovu. Sisemi kwamba jina ni kosa. Nasema kwamba katika picha nzima hakuna Mswahili aliyepewa nafasi ya kufanya mzaha huo, ambao dereva yeyote wa Karatu angaliufanya mara moja. Wenyeji hutoa jina, kisha hatuondoki tukiwakumbuka wao kwa majina yao.

Picha ya tatu ni ya juzi. Mwaka 2022 ilitoka The Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe humwongoza mwandishi Peter Greenberg katika vivutio vya nchi, Ngorongoro ikiwamo. Hapa aneneaye nchi ni mwenyeji, na hilo ni badiliko kubwa lisilofaa kudharauliwa. Lakini anenewaye ni mgeni yule yule, na ardhi huonyeshwa kwa jicho lile lile, kutoka juu.

Na Karatu je? Mwanaisimu atapata mahali pachache Afrika palipo na utajiri kama huu. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kimasai na Kidatoga ni za Kiniloti. Kihadza, chenye sauti za kidoko, kinasemwa karibu na ziwa Eyasi, na hakijapatiwa ndugu wa hakika. Kiswahili, lugha ya Kibantu, huwaunganisha wote mnadani na katika biashara ya vitunguu vya Mang'ola. W. H. Whiteley, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa kwanza wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, alichapa maelezo yake ya Kiiraqw mwaka 1958, mwaka mmoja kabla ya picha ya Grzimek. Aliyetaka kusikia sauti za watu wa huko hakukosa pa kuzisikia.

Huenda mtu akasema kwamba senema ni burudani tu. Sidai kwamba senema huhamisha watu. Wakazi wa ndani ya Kreta walitolewa mwaka 1974 kwa amri ya serikali, na kaya zilizoanza kuondoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, mwezi Juni 2022 ziliondoka kwa mpango wa serikali, mpango ambao bado watu wanauteta. Ninalodai ni kwamba mtazamaji aliyezoezwa miaka sitini kuiona nchi hiyo bila watu, watu waondokapo haoni kilichopungua.

Kwa hiyo kipimo changu kwa mtengeneza picha ajaye, awe mgeni au Mtanzania, ni chepesi: aanze Karatu, siku ya mnada, na aache watu waseme kabla hajapanda kwenda langoni.