Santuri Isiyo na Jina

Mjomba wangu ana santuri moja ndogo, zile za nyimbo mbili, ambayo karatasi yake ya katikati ilishabanduka zamani. Hajui nani kaimba. Anajua tu kwamba ni soul ya Marekani, na kwamba aliinunua kabla ya Novemba 1969, ule mwezi ambao muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Marufuku yenyewe haikumuuma sana, walihamia kucheza vyumbani. Kinachomuuma mpaka leo ni ile karatasi. "Mjomba," huniambia, "miaka hamsini na ushee nacheza wimbo wa mtu nisiyemjua hata jina."

Nimeikumbuka santuri hiyo kwa sababu kwa miezi kadhaa sasa nasikiliza nyimbo zinazotolewa upya na Numero Group, kampuni ndogo ya Chicago iliyoanzishwa 2003. Hawa jamaa hawahangaiki na wakubwa. Hutawakuta wakimtoa upya Aretha Franklin. Wanafukua vilebo vya mitaani vilivyokufa mapema, vya watu waliokopa pesa, wakarekodi nyimbo chache, wakazigawa kwenye vituo vya redio, wakafilisika. Mfululizo wao unaitwa Eccentric Soul, na wa kwanza ulihusu Capsoul, lebo ya mtangazaji wa redio Bill Moss wa mji wa Columbus, Ohio. Kila toleo lina kijitabu kirefu chenye picha, tarehe na majina. Na kabla ya kutoa chochote, wanamtafuta mwenye mali na kuandikiana naye mkataba.

Ndugu msomaji, unaweza kusema hilo ni jambo la kawaida. Si la kawaida hata kidogo. Hebu nenda Uingereza ya miaka ya 1970. Huko kaskazini vijana wa viwandani walikuwa wakikesha wakicheza soul ya Marekani ambayo Wamarekani wenyewe walikuwa wameshaisahau, na ukumbi uliovuma kuliko yote ulikuwa Wigan Casino, uliofunguliwa 1973 na kufungwa 1981. Tunawasifu sana vijana hawa kwamba ndio waliookoa muziki. Sawa, waliuokoa. Lakini wapigaji santuri wao walikuwa na mchezo mmoja: akipata wimbo ambao mwenzake hana, anabandika karatasi nyeupe juu ya jina na kuubatiza jina la uongo, ili mwenzake asijue autafute wapi. Yaani kilichotokea kwenye santuri ya mjomba kwa bahati mbaya, wao walikifanya kwa makusudi.

Mfano mkubwa ni wimbo wa Frank Wilson, "Do I Love You (Indeed I Do)", uliorekodiwa Motown mwaka 1965. Ulichapwa kwa majaribio, Wilson akachagua kubaki mtayarishaji badala ya mwimbaji, na nakala karibu zote zikaangamizwa. Zikabaki chache sana, za kuhesabika kwa vidole. Moja ilipofika Uingereza ilipigwa kwenye madansi kwa jina la Eddie Foster. Watu wanaruka, wanatokwa jasho, wanamshangilia Eddie Foster! Mwenye sauti yuko Marekani, hana habari. Mwaka 1979 Motown wakautoa Uingereza kwa jina lake halali. Lakini sifa ya nakala ile ya kwanza haikuisha: 2009 moja iliuzwa pauni 25,742, na 2020 bei ikafika pauni 100,000. Ni biashara ya mkono kwa mkono baina ya wakusanyaji. Aliyeimba hana fungu humo.

Ndiyo maana kwangu mkusanyaji na mtoaji upya si watu wa kundi moja, ingawa wote wanavaa miwani na kupenda vumbi. Mkusanyaji anataka wimbo ubaki adimu. Mtoaji upya akifanya kazi yake vizuri, anauondolea uadimu kabisa, unausikia kwa bei ya kitabu.

Sasa sikiliza kisa cha Penny & The Quarters. Aliyekuwa na hisa katika lebo nyingine ya Columbus, iliyoitwa Prix, alipofariki, kanda zake ziliuzwa pamoja na vyombo vya nyumbani. Ndani yake mlikuwa na wimbo wa majaribio, "You and Me": gitaa, sauti ya msichana na wenzake wakimwitikia, basi. Numero wakautia kwenye toleo lao la Prix la 2007 bila kujua Penny ni nani. Mwaka 2010 ukatumika katika filamu ya "Blue Valentine", dunia ikaupenda, na bado Penny hajulikani. Wakaendelea kumtafuta. Mwaka 2011 akapatikana, palepale Columbus, Nannie Sharpe, ambaye aliimba na kaka zake. Mtunzi wa wimbo, Jay Robinson, alikuwa amefariki 2009, mwaka mmoja tu kabla ya filamu.

Wimbo huo ni mzuri? Mzuri sana. Unasikia kabisa kwamba msichana hajui kama anarekodiwa kwa ajili ya kitu au anajaribishwa tu, na woga ule ndio utamu wake. Lakini nitasema na hili, hata mkinichukia: si kila kilichosahauliwa kilionewa. Katika matoleo haya zipo nyimbo nyingi za kuiga, unamsikia mtu anamtafuta James Brown na hampati. Kijitabu kinakusimulia jinsi alivyoteseka, na wewe unajikuta unaupenda wimbo kwa huruma. Hapo hunipati. Lile kasha kubwa la Syl Johnson, "Complete Mythology" la 2010, lina nyimbo 81. Kama 30 hivi ningezitupa. Ila "Is It Because I'm Black" ukiusikia usiku, bwana, hulali.

Na huyo Syl wala hakuwa amepotea! Wimbo wake "Different Strokes" wa 1967 ulikatwakatwa na kutiwa kwenye rap za kila aina, naye akawa anawafuata mahakamani kudai chake. Alifariki 2022, mbishi mpaka mwisho. Vilevile Bettye LaVette: mwaka 1972 alirekodi albamu nzima Muscle Shoals kwa ajili ya Atlantic, wakaifungia kabatini. Ni mkusanyaji Mfaransa, Gilles Petard, aliyeifuata kanda hiyo na kuitoa mwaka 2000. (Naam, mkusanyaji. Nakiri, wapo wanaonivurugia hoja yangu.) Miaka yote 28 mama huyu alikuwa anaimba, kwenye vilabu vidogo, kwenye majukwaa ya maigizo, popote walipomlipa. Magazeti yakaandika "amegunduliwa". Kagunduliwa kutoka wapi? Aliyekuwa kabatini ni kanda, si yeye.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo kwa sababu muswada wangu uko kwa mchapishaji mmoja hapa mjini, mwaka wa tatu sasa. Nikienda naambiwa unasomwa. Mara ya mwisho yule dada wa mapokezi aliniuliza jina la kitabu, akaingia ndani, akarudi na muswada wa mtu mwingine. Ukurasa wa kwanza haukuwepo, ule wenye jina. Nilisimama pale nikasoma kurasa tano. Ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nikamwomba aangalie kama ule ukurasa umedondoka humo ndani, akasema ataangalia.

Jumapili nilimpelekea mjomba "You and Me" kwenye simu. Akausikiliza mara mbili, akaniuliza, "Huyu anaitwa nani?" Nikamwambia. Akaniomba niliandike.