Fundi Mwenye Sikio

Gari la mtumba likianza kulia ta-ta-ta njia ya Mabanga, mwenyewe huanza kuhesabu bei ya injini nyingine. Mafundi wa jua kali wa Bungoma na Kitale hawana haraka hiyo, na kwa hilo nawapa heko.

Kwanza huchomoa kijiti cha oili; ikiwa imepungua, kelele nyingine huishia hapo hapo baada ya kuongezwa. Kisha bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini sikioni, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Husikiliza kifuniko cha valvu, kisha nozeli, kisha chini kwenye sampu. Kamshafti huzunguka mara 1 krenkishafti ikizunguka mara 2, hivyo mlio wa tapeti huenda nusu ya kasi ya injini. Sikio lililozoea halihitaji kitabu. Mlio unaofifia injini ikipata moto mara nyingi ni moshi unaovuja penye gasketi ya ekzosi. Ukitoka chini, mzito, na kuzidi gari likipanda mlima, fundi huchomoa koili moja moja. Ukipungua kwenye silinda fulani, hushuku beringi ya pistoni hiyo.

"Zima, mzee. Usiendeshe tena."

Kenya huzuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 8, lakini mengi hufika huku baada ya kupita mikono kadhaa. Mashine ya kupima ina kazi yake, ila tapeti iliyolegea mara nyingi haiwashi taa yoyote. Hapo namlipa mwenye bisibisi, na punguzo siombi.