Tahadhari ya Mtunzi na Dhima ya Msomaji katika Hadithi za Mashabiki

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kumsaili mtunzi. Tunamwuliza anaandika kwa niaba ya nani, ana msimamo gani, na kazi yake inaifaa nini jamii iliyomzaa. Msomaji tumemwacha nje ya baraza hilo. Akitajwa, hutajwa kama mpokeaji wa ujumbe tu, mtu aliyeketi akingoja kufunzwa au kupotoshwa. Makala haya yanakusudia kumwita naye aje ajibu. Kwa ajili hiyo nimechagua uwanja ambao huenda baadhi ya wenzangu wakauona haustahili kurasa za jarida kama hili, yaani hadithi za mashabiki zinazotungwa na kusomwa katika intaneti. Nilizifahamu nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya uzamili. Hazikuwa katika orodha ya vitabu tulivyopewa; wanafunzi wenzangu ndio waliokuwa wakizisoma garini, wakitoka kwenye semina za nadharia.

Hadithi ya shabiki ni ile ambayo mtunzi wake huwachukua wahusika wa kazi iliyokwisha kutolewa, kama vile Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, au Kirk na Spock wa Star Trek, au wanafunzi wachawi wa J. K. Rowling, akawatungia visa vipya bila kulipwa. Desturi hii ni kongwe kuliko intaneti. Jarida la mashabiki wa Star Trek liitwalo Spockanalia lilianza kutolewa Marekani mwaka 1967, na majarida ya aina hiyo yalipitishwa kwa posta kutoka mkono hadi mkono. Palipokuwa na hadithi za mapenzi ya watu wazima, wahariri wengi walimtaka mnunuzi aandike kwamba umri wake unamruhusu kuzisoma. Basi tangu hapo msomaji alitakiwa atie sahihi yake kabla ya kufunua ukurasa.

Kabla ya kuendelea yafaa tulitazame neno lenyewe. Kiingereza kina neno moja kwa kazi ambayo Kiswahili kimeigawa. Onyo humwelekea mkosaji, au mtu anayekaribia kukosa; mfanyakazi hupewa onyo, tena la mwisho. Tahadhari humwelekea mpita njia asiye na kosa lolote. Haimkatazi kupita, humjulisha tu kilichoko mbele. Wanaotafsiri lebo za hadithi hizi kwa neno "maonyo" wamekwisha kumhukumu msomaji, na pengine mtunzi pia, kabla hadithi haijaanza. Mimi nitatumia "tahadhari". Mfano wake tunao katika malango ya mitaa yetu ya Nairobi, kile kibao kisemacho "Mbwa Kali" (upatanisho wa kisarufi uliovunjika hapo tuwaachie wenzetu wa isimu). Kibao hicho hakisemi kwamba kufuga mbwa ni kosa, wala hakisemi kwamba mgeni ni mwizi. Kinasema mbwa yumo. Anayefungua lango baada ya kukisoma amechukua sehemu yake ya mzigo. Hata hivyo mwenye nyumba hajaachiliwa kabisa, na jambo hili nitalirudia.

Jinsi jamii hizi zilivyofikia utaratibu wa tahadhari ni kisa chenye mafunzo. Tovuti ya FanFiction.net, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilipiga marufuku hadithi za daraja la watu wazima pekee mwaka 2002. Kisha, mwezi Mei mwaka 2007, wenye LiveJournal, ambako mashabiki wengi walikuwa na kurasa zao, walifunga takriban kurasa 500 kwa mara moja, baada ya kikundi cha wanaharakati kulalamika kwamba zilihusu ubakaji na unyanyasaji wa watoto. Kigezo kilichotumiwa kilikuwa orodha ya mambo ambayo kila mwenye ukurasa alitangaza kuwa yanamhusu. Kwa hiyo pamoja na waliolengwa walikumbwa watu walionusurika kubakwa ambao walikuwa wakiliwazana, na kikundi kilichojadili riwaya ya Lolita ya Vladimir Nabokov kwa Kihispania. Wenye tovuti waliomba radhi na kurudisha kurasa nyingi. Lakini funzo lilikuwa limekwisha kuingia. Neno lililoandikwa mlangoni ili kumwarifu msomaji lilikuwa limechukuliwa kama ungamo la mwenye nyumba. Pale ambapo lebo hugeuzwa ushahidi wa jinai, mtu mwenye busara huacha kuweka lebo, na anayeumia ni yule yule msomaji aliyedaiwa kulindwa.

Mwaka huo huo wa 2007 mashabiki waliunda shirika lao, Organization for Transformative Works, nalo likafungua hifadhi ya hadithi kwa umma mwezi Novemba mwaka 2009. Iliitwa Archive of Our Own, jina linalokumbusha insha ya Virginia Woolf ya mwaka 1929 kuhusu mwanamke na chumba chake mwenyewe. Mwaka 2019 hifadhi hiyo ilitunukiwa tuzo ya Hugo. Kinachonihusu hapa ni kanuni yake ya tahadhari, ambayo kwa maoni yangu inastahili kusomwa kama tunavyosoma kaida za utanzu wowote.

Hifadhi hiyo haiwakagui watunzi kabla ya kuchapisha. Inawataka watamke kuhusu mambo manne tu: ukatili ulioelezwa waziwazi, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, na ngono inayowahusu walio chini ya umri wa miaka 18. Mtunzi anaweza kutamka kwamba jambo fulani kati ya hayo limo, au kwamba hakuna hata moja. Lakini ana njia nyingine tena. Anaweza kutamka kwamba ameamua kutotumia tahadhari hizo. Lebo zaidi ya hapo ni hiari yake. Na hadithi ikiwa ya daraja la juu, mgeni asiyejiandikisha husimamishwa kwanza na ukurasa unaomwuliza kama anaridhia kuendelea.

Hiyo njia ya kutotamka ndiyo ufunguo wa kanuni nzima. Kwa mtazamo wa haraka ni kama mwanya wa kukwepea, kumbe imejengwa juu ya ufahamu mzuri wa fasihi. Kifo cha mhusika mkuu si hatari tu kwa moyo wa msomaji. Ni taharuki, ni msuko wenyewe wa hadithi. Kumlazimisha mtunzi akitaje mlangoni ni kumlazimisha aivunje kazi yake. Kwa kusema "sisemi", mtunzi husema jambo la kweli: humo ndani mwaweza kuwa na lolote. Ukimya wa kawaida hudanganya, lakini ukimya uliotangazwa hauwezi kudanganya. Ndiyo maana anayetamka kwamba hakuna hata moja kati ya manne, ilhali limo, huhesabiwa kuwa amevunja kanuni, na wasimamizi wanaweza kuibadili lebo yake iwe ile ya kutotamka. Uongo hurekebishwa kwa kurudishwa kwenye ukimya ulio wazi. Sijaona bodi ya ukaguzi, hapa kwetu au kwingineko, iliyofikiri kwa unyofu kiasi hicho.

Ipo lebo nyingine iliyozuka kwa mashabiki wenyewe, yenye mzaha ndani yake: "Njiwa Aliyekufa: Usile". Asili yake ni kichekesho cha televisheni cha Marekani, Arrested Development, ambamo mtu anakuta mfuko umeandikwa maneno hayo, anaufungua hata hivyo, anamwona njiwa aliyekufa, kisha anajishangaa kwamba alitarajia kuona nini kingine. Mtunzi anayeibandika humwambia msomaji kwamba lebo nyingine zote zilizopo zichukuliwe kwa maana yake halisi, na kwamba uovu uliomo huenda usilaaniwe na sauti ya msimulizi. Hapa ndipo dhima ya msomaji inapotamkwa waziwazi kuliko mahali pengine ninapopajua. Aliyesoma lebo, akafungua, akasoma hadi mwisho, hawezi kudai kwamba ametegwa. Kuchukizwa anaweza. Kuhakiki anaweza, tena kwa ukali. Lakini dai la kutegwa limemtoka mkononi.

Sasa tulinganishe na baraza la masimulizi. Fanani anaposema "Paukwa!" na hadhira ikaitika "Pakawa!", ridhaa imeombwa na kutolewa. Lakini ridhaa hiyo haimalizikii hapo, kwa sababu fanani anaziona nyuso. Akimwona mtoto amejikunyata hupunguza ukali wa zimwi. Akimwona mfiwa kati ya wasikilizaji hubadili kisa. Tahadhari yake imo ndani ya usimulizi, dakika kwa dakika. Mtunzi wa intaneti hauoni uso wa mtu. Msomaji wake yuko peke yake na simu, usiku, katika nchi asiyoijua. Lebo ni jaribio la kurudisha, kwa maneno machache yaliyoandikwa mapema, kile ambacho jicho la fanani lilifanya bila kuandikwa. Ni mbadala hafifu, na ni vema tukiri hivyo. Uchambuzi wa Bridgland, Jones na Bellet, uliotolewa mwaka 2023 na kujumlisha tafiti zilizotangulia, ulionyesha kwamba tahadhari kabla ya maudhui mazito hazipunguzi uchungu anaoupata mtu, na huongeza kidogo wasiwasi wa kusubiri. Matokeo hayo hayanishangazi. Lakini hayavunji hoja yangu, kwa maana kazi ya lebo katika hifadhi ya hadithi ni kuchagulia. Msomaji huitumia kuondoa asichokitaka kabla hakijamfikia na, tusione haya kusema, kukitafuta anachokitaka. Lebo ile ile humfukuza mmoja na kumkaribisha mwingine.

Nilisema mwenye nyumba hajaachiliwa. Dosari kubwa ya kanuni hii imo katika ile hesabu ya manne. Nani aliamua kwamba haya ndiyo mambo yanayostahili kutamkwa kwa lazima, na mengine yaachiwe hiari? Msomaji mweusi anaweza kufungua hadithi iliyotamkwa kuwa haina hata moja kati ya manne, akakutana na mhusika wa rangi yake aliyechorwa kama mnyama au mtumwa mwenye furaha, na kanuni isione kilichotokea. Lawama hii si yangu peke yangu. Mwezi Juni mwaka 2020 shirika lenyewe lilitoa tamko kuhusu ubaguzi wa rangi, na mwaka 2023 mashabiki walifanya kampeni ya kulidai litimize ahadi zake. Ugumu wao naufahamu, kwani damu inaweza kutambuliwa na msimamizi yeyote, lakini dharau ya rangi mara nyingi haitambuliwi na yule anayeiandika, basi ataitamkaje? Hata hivyo ugumu huo haubadili ukweli kwamba dhima ya msomaji imegawanywa bila usawa. Yuko anayeingia akiwa amearifiwa, na yuko anayeingia gizani, kisha wote wawili huambiwa kwamba walichagua wenyewe.

Kutokana na hayo nathubutu kusema kwamba dhima ya msomaji huzaliwa na hiari yake, wala haiwezi kuzidi hiari hiyo. Asiyejulishwa ana dhima ndogo. Asiyeweza kufunga kitabu hana kabisa. Na hapa suala linatoka katika intaneti na kuingia darasani mwetu, kwa sababu mwanafunzi wa fasihi ni msomaji asiyeweza kufunga kitabu. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa kipindi fulani kwa sababu ya mambo ya ngono na utoaji mimba yaliyomo. Walioipiga marufuku walimwona msomaji kama mtoto. Sisi tunaoifundisha leo chuoni bila kusema neno tunamwona kama jiwe. Sijui ni ipi iliyo dharau kubwa zaidi.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu hadithi fupi yenye kisa cha ubakaji, tukaisoma kwa sauti, kila mmoja aya yake. Zamu ilipomfikia msichana mmoja alisoma mistari miwili, akaweka karatasi chini, akatoka. Siku ya pili alikuja ofisini. Nilitarajia kuambiwa kwamba hadithi ile isifundishwe. Alisema, "Mwalimu, hadithi ni nzuri. Ningalijua, ningaliisoma kwanza nyumbani, halafu nije darasani nimejiandaa." Hakuomba kitu kingine, nami sikuwa na la kujitetea.

Tangu hapo naandika mstari mmoja chini ya kila kitabu katika orodha ya usomaji. Kazi si rahisi kama nilivyodhani. Nilipofika Rosa Mistika kalamu ilisita. Nikitaja jinsi maisha ya Rosa yanavyokoma, nimewanyima wanafunzi msomo wa kwanza ambao mimi nilijaliwa. Nisipotaja, nimerudi nilikokuwa. Mwishowe niliazima njia ya wale mashabiki, nikaandika kwamba mwalimu ameamua kutotaja yaliyomo katika riwaya hii, na mwenye haja ya kujua amwulize kabla ya wiki ya tano. Watatu wamekwisha kuuliza.