Dakika Moja, Kisha Sitini

Kiharusi cha mshipa mdogo mara nyingi humwacha mgonjwa akiwa macho. Anaelewa anachoulizwa na anajibu, ila uso, mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea. Kilichoziba ni kimshipa chembamba kisichofika milimita 1, kimojawapo cha vile vinavyopenya ndani kabisa ya ubongo, mahali ambapo nyuzi zinazoamuru nusu nzima ya mwili zimebanana pamoja. Waya wa kuvutia bonge la damu haufiki huko. Dawa hufika, kwa kuwa hupita na damu yenyewe.

Katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, mwaka 1998 mgonjwa wa kiharusi alikaa takriban dakika 105 tangu kuingia mlangoni hadi kupewa dawa ya kuyeyusha bonge. Kufikia 2011 zilikuwa dakika 20. Siri haikuwa mbio, bali kuondoa kungoja. Wahudumu wa ambulensi hupiga simu wakiwa njiani, historia ya mgonjwa husomwa kabla hajafika, na machela huenda moja kwa moja kwenye mashine ya CT. Dawa huanza kuingia papo hapo, mgonjwa akiwa bado kwenye meza ya kipimo.

Daktari huanza na swali moja: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Kuanzia hapo huhesabiwa saa 4 na nusu. Kisha humwambia mgonjwa ainue mkono na kuuacha hewani, huku akihesabu sekunde 10. Mguu, sekunde 5. Mkono unaoshuka taratibu una alama yake, na unaoanguka una yake. Sukari hupimwa, maana ikishuka sana huweza kuiga kiharusi. Presha lazima iwe chini ya 185 kwa 110. Halafu picha: kwa mshipa mdogo, saa za mwanzo, mara nyingi CT haionyeshi kasoro yoyote. Daktari hatafuti bonge humo. Hutaka kuhakikisha hakuna damu iliyovuja. Kuamua juu ya picha safi, kwa kuutegemea mkono ulioshuka mbele ya macho yake, ni ujuzi wa miaka mingi.

Lakini ninayemstaajabia zaidi ni muuguzi. Dawa hiyo ya kuyeyusha bonge, alteplasi, huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa. Muuguzi huongeza maji safi ya sindano, kisha hukizungusha kichupa polepole. Hakitikisi, kwa sababu kikitikiswa hutoa povu. Povu likitokea, hukiacha kitulie, hata saa ikiwa inakimbia. Kipimo ni miligramu 0.9 kwa kila kilo ya mwili, na hakizidi 90. Mtu wa kilo 70 hupata 63. Vichupa viwili vya miligramu 50 vina 100, kwa hiyo 37 za ziada hutengwa kabisa, zisije zikaingia mwilini kwa bahati mbaya. Sehemu ya kumi, yaani 6.3, husukumwa kwa mkono kwa dakika nzima. Zilizobaki, 56.7, hupita kwenye pampu kwa dakika 60.

Ndani ya mshipa, dawa huigeuza plasminojeni kuwa plasmini, nayo hukata nyuzi zilizoshikilia bonge.

Sasa kazi ni kutazama. Presha hupimwa kila dakika 15 kwa saa 2, kila dakika 30 kwa saa 6, halafu kila saa hadi zitimie 24. Haitakiwi kuvuka 180 kwa 105. Kila mara muuguzi humwambia mgonjwa ainue mkono tena, humtazama ufizi kama unatoka damu, humwangalia ulimi na midomo visije vikavimba, na humuuliza kuhusu kichwa. Kichwa kikimuuma ghafla au akianza kutapika, pampu husimamishwa hapo hapo na CT hurudiwa. Asipirini hungoja. Baada ya saa 24 hupigwa CT nyingine, na ikiwa haina damu, muuguzi huleta kidonge cha kwanza.